Doa Jekundu Kwenye Shamba la Mama

Harufu ya tapentaini hainipiti mpaka leo. Nikikatiza Kizota kwenye karakana za rangi, pua inanirudisha Ihumwa, msimu wa kuvuna zabibu, upepo wa Agosti unatupulizia vumbi machoni, na mzee mmoja wa Kondoa amesimama ukingoni mwa shamba letu. Aliitwa Mzee Sudi. Alikuja na kibao juu ya miguu mitatu ya mbao, akaanza kuchora. Tungemwaminije? Siku zile kila mtu Ihumwa alijua maana ya miguu mitatu: wapima ardhi wamefika, jiandae kuhama. Baba alikuwa amefariki, na mizabibu ile ndiyo aliyotuachia. Mama hakuwa na kingine.

Kilichotutia shaka zaidi ni kwamba alichora palepale. Asubuhi mizabibu, saa sita mizabibu ileile, jioni tena. Mtu mwenye akili timamu anachora kitu kimoja mara tatu kwa siku ya nini, kama si kupima? Na rangi zenyewe! Udongo wetu mwekundu yeye aliupaka zambarau, vivuli akavipaka bluu, na ukisogea karibu huoni kitu, madoadoa matupu. Mama alisema hayo ni maandishi ya kificho. Akanituma nikakae naye, nimwamkie vizuri, nitazame jicho lake linaelekea wapi. Nilikuwa na miaka tisa, na upelelezi niliupenda kupita kiasi. Mzee aliniambia maisha yake yote amechora mabango ya maduka, sasa anataka kuchora namna mahali pamoja panavyobadilika kadiri jua linavyosogea. Sikumwamini hata kidogo.

Siku ya nne nikaona. Katikati ya mizabibu alikuwa ameweka doa jekundu. Nilikimbia hadi kwa mama, maana nyumba ikipigwa alama nyekundu, kinachofuata ni katapila. Mama alikuja na mkasi wa kukatia zabibu mkononi.

"Futa hiyo," alimwambia.

Mzee Sudi alimtazama, akaitazama picha. "Mama, hiyo ni wewe. Ni kitenge chako, umeinama unavuna."

"Futa."

Alikwangua taratibu kwa kisu chake, akaiegemeza picha kwenye uzio, akaikunja ile miguu mitatu ya mbao, akaenda zake. Hakurudi. Mama aliiweka ile picha ghalani, akaigeuzia ukutani, nami nikajiona shujaa.

Wapima wenyewe walikuja msimu uliofuata. Vijana wawili, shikamoo mdomoni, wameshika kidude kidogo kama simu. Walizunguka shamba, wakasema wanaangalia njia tu. Hawakuwa na miguu mitatu wala rangi nyekundu, hivyo mama akawapa vigoda na bakuli la zabibu. Wakala, wakashukuru. Baada ya miezi michache tukakuta vigingi vya zege kati ya mizabibu.

Leo tunaishi Mkonze, kwenye kiwanja tulichopewa, na pale Ihumwa pana lami na maghala. Nikienda siwezi hata kusema safu ya kwanza ilianzia wapi. Simu yangu imejaa picha, lakini ya shamba hakuna. Iliyopo ni ile ya Mzee Sudi, imetundikwa sebuleni. Ukiitazama kutoka mlangoni, yale madoadoa yanakuwa asubuhi ya Ihumwa kabisa. Naona aibu, na sioni sababu ya kuificha. Wageni wakija, mama huwaonyesha safu moja moja, ila akifika katikati, kwenye ule mkwaruzo, huuruka. Juzi binti yangu alimuuliza pale pamefanya nini. Mama akapawekea kidole.

"Hapa nilikuwa navuna," alisema.