Bucha Isiyo na Kisu

Katika miaka ya sabini nilikuwa na bucha mjini Voi iliyokuwa na kila kitu isipokuwa kisu. Ilikuwa na leseni ndani ya fremu, mizani iliyopigwa muhuri, kulabu sita, gogo la kukatia lililobebwa na wanaume wanne, na mimi mwenyewe nyuma ya kaunta ndani ya koti jeupe. Nyama haikuwapo, maana ningeikata na nini? Nilikaa hivyo miezi saba.

Chanzo cha upuuzi huo kilikuwa majivuno yangu. Nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge huko Mwatate kwa miaka kumi na mitatu, na chombo pekee chenye ncha nilichokijua ni kalamu. Nilipoacha kazi na kutangaza kwamba nafungua bucha, watu walicheka. Shemeji yangu aliniuliza kama nyama nitaikata kwa rula. Nikaapa mbele yao kwamba nitakata kwa visu vya yule fundi wa Chawia, na kabla havijafika sitauza hata utumbo. Nilitaka watu wanione kuwa ni bucha wa kweli, si karani aliyevaa koti la daktari. Wakati huo sikutaka kitu kingine duniani.

Fundi huyo alikuwa akijulikana kuanzia vilimani hadi Taveta. Alifua visu kutokana na springi za malori mabovu, na walioagiza walingoja bila kunung'unika, kwa kuwa aliyenung'unika alifutwa kwenye orodha. Nilipopanda kwake mara ya kwanza nilidhani nitamkuta mzee mtulivu. Nikamkuta mtu wa makamo mwenye hasira za karibu, miwani imefungwa kwa uzi wa mkonge, akigombana na mkewe aliyekuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto.

"Visu ngapi?" aliniuliza kabla sijaketi.

"Vitatu, fundi. Cha kuchunia, cha kukatia na cha mifupa." Nikamnyooshea mkono aupime.

Hakuutazama. "Mkono ya nini? Mkono inadanganya. Mtu akijua anapimwa anapanga vidole kama bwana arusi. Niletee kisu yako ya zamani, ile umetumia mpaka imechoka."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Alikitazama kisu kikuukuu, mpini umelika wapi na makali yameisha wapi, na kutokana na hapo akaujua mkono wa mwenyewe. Kisu hicho kilibaki kimetundikwa ukutani kwake mpaka kipya kiwe tayari. Tena kulikuwa na sharti: anayengoja asishike kisu kingine chochote, mkono usije ukajifunza tabia za kigeni. Ukutani nilihesabu visu zaidi ya ishirini. Maana yake ni kwamba nyumba zaidi ya ishirini za milima ile zilikuwa zikirarua kabichi kwa mikono.

Shida ni kwamba mimi sikuwa na kisu cha zamani. Ningemwambia nini, nimpelekee kalamu? Kesho yake niliingia jikoni kwangu, nikachukua kisu cha mke wangu, chembamba kwa kunolewa, mpini umebonyea upande mmoja, nikakipeleka Chawia.

"Umetumia miaka ngapi?"

"Tisa," nikajibu. Huo ulikuwa umri wa ndoa yetu. "Karibu kila siku."

Alikigeuza, akanitazama juu ya miwani, akakigeuza tena. "Unakata vizuri sana," alisema.

Nilishuka mlima nikiwa nimejaa furaha kana kwamba aliyesifiwa ni mimi.

Nyumbani nilikuta maswali. "Baba watoto, kisu yangu iko wapi?"

"Iko kwa fundi. Anaisoma."

"Anaisoma?" Mke wangu aliinua kitunguu. "Na mimi nikate vitunguu na nini?"

Nilimwambia avumilie. Tena kwa bidii yangu nilimkataza hata kuazima kwa jirani, ingawa sharti lilikuwa la mwenye kuagiza peke yake. Nilitaka nyumba nzima iwe safi, fundi asipate sababu. Basi mke wangu akawa anakata vitunguu kwa kifuniko cha mkebe na mkate kwa panga. Sukuma wiki aliichana kwa vidole. Hakulalamika tena, na mimi nikachukulia kwamba ameelewa.

Kulikuwa pia na mbuzi. Nilimnunua mapema achomwe siku ya kufungua, nikamfunga nyuma ya bucha nikidhani ni kwa siku mbili tatu. Mwezi wa kwanza ukapita. Akina mama wa sokoni wakaanza kumletea maganda ya ndizi. Mwezi wa tatu alikuwa anafunguliwa asubuhi na kurudi mwenyewe jioni, na watu walimsalimia yeye kabla yangu. Mwezi wa tano alikula nusu ya kalenda yangu na kipande cha karatasi ya bwana afya. Ilipofika mwezi wa sita nilijua kwamba mtu yeyote atakayemla mbuzi yule itabidi ahame Voi.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda Chawia kuulizia. Mara ya kwanza kulikuwa na ukungu na mkaa umelowa. Mara ya pili fundi alikuwa na mazoezi ya kwaya. Mara ya tatu nilimkuta amekaa kitako, kisu cha mke wangu kiko magotini, hafanyi lolote.

"Bado naisoma," aliniambia. "Hii kisu iko na maneno mingi."

Hatimaye mwezi wa saba alituma habari kwamba atashuka Jumamosi. Alikuwa na desturi ya kuleta visu mwenyewe na kushuhudia mkato wa kwanza. Kisu na mkono visipoelewana, alikifunga akarudi nacho, na hapakuwa na rufaa.

Jumamosi hiyo watu walijaa mpaka barabarani. Shemeji alisimama mbele kabisa. Paja la ng'ombe lilikuwa kwenye kulabu, mbuzi amesimama mlangoni, amenenepa kama diwani. Fundi akafungua kipande cha blanketi, na visu vitatu vikang'aa humo. Nikashika cha kukatia.

Nikajua papo hapo kuna jambo. Mpini ulikuwa mdogo, na mahali palipochongwa pa kuweka kidole gumba palikuwa upande ambao mimi sina kidole gumba. Nikakata hivyo hivyo. Kisu kikakwenda kilikotaka chenyewe, kikatoa pande nene huku na jembamba kule. Nikajaribu tena, nikapasua mkono wa koti.

"Leteni rula!" shemeji akapaza sauti. Watu wakavunjika mbavu.

"Fundi," nikasema, jasho linanitoka, "hivi visu vina kasoro."

Fundi hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alininyang'anya kisu taratibu. "Kisu haina makosa. Wewe si mwenye hii kisu." Akaanza kukunja blanketi lake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi saba ya kukaa na koti, na sasa mji mzima unatazama.

Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na chupa ya chai. Akaiweka chini. "Ngoja kwanza, fundi," alisema. Akakichukua kile kisu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikaingia mahali pake, akakata. Nyama ikaachana na mfupa bila kelele. Akakata tena, vipande vikalala kwenye gogo vyote sawasawa. Hakuna aliyecheka.

Fundi akavua miwani akaifuta. "Ni huyu," alisema. "Miezi saba naongea na huyu. Mama, unavuta kisu kuja kwako, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na ukikata kitunguu unaanzia kwa mkia."

"Ndiyo, fundi."

Wakaendelea hivyo kama ndugu waliopotezana. Nilisimama kati yao na koti langu lililopasuka, mpaka mke wangu aliponinyooshea mkono. "Leta hiyo koti," aliniambia. Nikavua nikampa, nikahamia kwenye mizani, kazi ya karani. Nimeifanya tangu siku hiyo, na mbuzi alikufa kwa uzee.

Alasiri, watu walipokwisha, tulikuwa tukiosha visu kwenye karai. Nikamuuliza ameanza lini kutumia mkono wa kushoto.

"Tangu nizaliwe," alisema. "Shuleni walinichapa, nikajifunza kuandika na kusalimia na wa kulia. Hata chakula nakupakulia na wa kulia. Lakini kukata ni huu."

"Na mimi mbona sijawahi kuona? Miaka tisa!"

Alifuta kisu kwa kitambaa, akakitazama makali, wala hakuwa na hasira.

"Ungeonaje?" alisema. "Ulikuwa unakula."