Mpima Barafu na Kiti cha Jikoni

Duri Pazeller alikuwa mpima barafu wa ziwa letu kwa majira thelathini na moja ya baridi, na katika muda wote huo hakuna mtu wa kijiji chetu cha Suosta aliyemwona amevaa viatu vya kuteleza, vile vyenye visu vya chuma chini ya soli. Wala hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kwetu mtoto huanza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kufunga vifungo vya koti lake. Kumuuliza mtu mzima kama anajua kuteleza ni kama kumuuliza kama anajua kunywa supu.

Kila Desemba, ziwa lilipoanza kufunga kwa barafu, Duri alishuka saa moja asubuhi akiwa na mtaimbo, keekee ndefu na rula ya mbao iliyokuwa ya baba yake. Alivaa viatu vyenye meno ya chuma, akatembea hatua chache na kusimama, hatua chache na kusimama. Aligonga kwa mtaimbo, akasikiliza, akatoboa, akateremsha rula kwenye tundu. Kisha alipanda ofisini kwangu, maana mimi ndiye karani wa kijiji, akanitajia kipimo nami nikakiandika kwenye daftari la barafu. Kilipofika sentimita kumi na mbili, alisimamisha katikati ya ziwa msonobari mdogo wenye kitambaa chekundu. Kuanzia hapo ziwa lilikuwa la kila mtu.

Kanuni nyingine ilikuwa moja tu. Duri akilala kifudifudi juu ya barafu na kutandaza mikono, watu wote watoke, bila kuuliza. Sauti ya mtu haifiki mbali kule, lakini mtu aliyelala anaonekana hata kutoka upande wa pili, na kulala ndivyo afanyavyo mtu anayehisi barafu inalegea chini yake, ili uzito wake usambae. Alilala hivyo mara moja, Machi 1974. Robo saa baadaye maji yalikuwa yamepanda pale pale walipokuwa wakicheza watoto wa shule. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Ufundi huo alifundishwa na baba yake, mzee Jachen, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mzee alimkataza viatu vya kuteleza. "Ukiteleza utasikia visu vyako tu," alimwambia. "Wewe tembea, ulisikie ziwa." Kwa hiyo wenzake waliteleza, yeye akatembea. Alipofika miaka ishirini aliona haya kuanza kujifunza mbele ya watu. Alipofika thelathini hakuna aliyekumbuka kwamba hajaanza.

Mkewe, Mengia, alitoka bonde la chini ambako hakuna ziwa. Aliolewa kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu, akajifunza kama watoto wetu wanavyojifunza, kwa kusukuma kiti cha jikoni kilichopigiliwa vibao viwili chini ya miguu. Majira yake ya pili alikuwa anampita Linard, mpeleka barua, ambaye hajawahi kumsamehe. Kila siku akimaliza kuoka mikate yake ya asubuhi alishuka ziwani, na alipompita mumewe alimgusa kofia.

"Hodi, mpimaji!"

"Pita mama, barafu ipo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya ziwani, na nadhani watu wengi walidhani yanawatosha.

Mwaka 1991 ziwa lilifunga bila theluji. Jambo hilo ni la nadra. Kwa kawaida theluji huanguka mapema na kuifanya barafu iwe nyeupe na yenye vinundu. Safari hii baridi kali ilikuja kukiwa kukavu, na barafu ikatoka nyeusi, angavu kama kioo cha dirisha. Uliona mawe ya chini, uliona samaki wamesimama. Duri aliikuta barafu ya namna hiyo mara mbili tu kabla ya hapo. Msonobari aliusimamisha Ijumaa, tarehe kumi na tatu Desemba, kwa sentimita kumi na mbili na nusu.

Siku hiyo hiyo mchana alirudi ofisini.

"Funga mlango, Karani."

"Kuna nini? Imepungua?"

"Barafu haina neno. Wewe unavaa viatu namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mimi arobaini na moja. Soksi pea mbili zitatosha."

Ilinichukua muda kuelewa.

"Duri, kwani wewe…"

"Usiseme. Sema tu unaniazima au huniazimi."

Nilimpa kiti, akanieleza. Goti la Mengia lilikuwa lifanyiwe upasuaji mwezi wa pili, na daktari alikwisha kusema kwamba baada ya hapo asivae tena viatu vya kuteleza. Wakiwa mezani, Mengia alimwambia: "Nimeteleza na wanaume wote wa kijiji hiki, hata mchungaji. Bado mume wangu." Alitaka safari moja tu, kutoka gatini hapa kijijini hadi kikanisa cha upande wa mbali, kilomita nne, juu ya barafu nyeusi, wao wawili. Na redio ilikuwa imetangaza theluji kuanzia Jumatatu mchana. Ikishaanguka, weusi ule umekwisha.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia tutaona."

"Yeye anajua hujui kuteleza?"

"Anadhani sitaki."

Jumamosi asubuhi, Mengia akiwa kwenye tanuri lake, Duri alichukua kiti kimoja cha jikoni, akakipigilia vibao, tukaenda nyuma ya rasi ya mawe ambako watu hawafiki. Alianguka mara kumi na moja.

"Unahesabu?" aliniuliza akiwa chini.

"Ni mazoea."

Hakuanguka kwa sababu ya miguu. Miguu yake ilikuwa imara kuliko yangu. Alianguka kwa sababu kila baada ya hatua tatu alisimama ghafla kusikiliza, kiti kikaendelea na safari peke yake.

"Teleza, acha kusikiliza," nilimwambia.

"Nikiacha mimi, atasikiliza nani?"

Mwishowe niliuchukua mtaimbo, nikavaa viatu vyake vya meno vikanibana vidole, nikaanza kutembea mbele yake nikigonga. Mimi si mpimaji, lakini nimeandika vipimo vyake miaka kumi na tisa na sauti ya barafu nzima naijua. Kila nilipogonga nilisema "nzima". Kuanzia hapo alisukuma kiti bila kusimama, na kufikia saa sita alikwenda mita mia mbili kwa mkupuo mmoja.

Jumapili tulirudi baada ya ibada. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa ziwani, watu kama sitini, akina mama na nguo zao za kanisani, wazee na pua zao zilizoiva kama biringanya kwa baridi. Sisi tulikuwa nyuma ya rasi. Duri alikuwa amenogewa. Alisukuma kwa nguvu, akapita mwisho wa mawe bila kujua, akatokea wazi mbele ya watu wote. Hapo kiti kilinasa kwenye ufa, yeye hakunasa. Alipita juu yake, akaanguka kifudifudi, mikono imetandaa, akateleza kwa tumbo mpaka mwendo ukaisha wenyewe.

Nilimwona Linard akigeuka. Nilimwona akimwangalia Duri, kisha akainua mkono wake juu.

Sijawahi kuona ziwa likihama kwa utulivu namna ile. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walishikana mikono, wakateleza kuelekea kando kwa mwendo wa sawasawa, kama tulivyofundishana. Baada ya dakika mbili hapakuwa na kitu kwenye barafu isipokuwa glavu moja, msonobari wenye kitambaa, na Duri.

"Nimeanguka tu!" alipaza sauti. Haikufika. Akajaribu kuinuka ili waone, visu vikamteleza, akalala tena vile vile. Kule kando watu walirudi nyuma hatua nyingine mbili.

"Usisogee, Duri!" Linard aliita. "Tunaleta ngazi!"

Wakaja nayo kweli, ile ndefu ya uokoaji inayoning'inia gatini. Linard, na suti yake ya Jumapili, alilala kwa tumbo akaisukuma mbele yake mita mia moja na hamsini, akitambaa, jasho likimtoka katika baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Mimi nilikuwa nampungia mkono arudi. Alidhani nampungia afanye haraka. Alipofika alishika kifundo cha mguu wa Duri, akapapasa kisu.

"Duri."

"Naam."

"Hii miguuni mwako ni nini?"

"Viatu vya Karani."

Linard alikaa kitako juu ya barafu. Aliangalia viatu, akaangalia kiti cha jikoni kilichopinduka, akaangalia magoti ya suti yake.

"Yaani hukuwa unatuonya."

"Nilikuwa najifunza."

"Mzee mzima, miaka hamsini na sita!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali, na kule kando watu walipomwona naye amelala nusura waondoke ziwani moja kwa moja. Ilibidi mimi nitembee hadi kwao kueleza. Niliona jinsi habari ilivyopita mtu kwa mtu, na vicheko nyuma yake.

Mengia hakucheka. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa sasa amekishikilia kiti.

"Miaka thelathini na miwili ya ndoa," alisema. "Nilidhani unaringa na mtaimbo wako."

"Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini, baba? Mimi nilijifunza humu humu nikiwa mke wa mtu, watoto wa Linard wananizomea."

"Ndio hao hao niliokuwa nawaogopa."

Hapo ndipo alipocheka.

Jumatatu asubuhi mimi na Duri tulipima pamoja njia nzima hadi kikanisani: sentimita kumi na saba, barafu nzima. Saa nne waliondoka gatini. Duri na kiti chake, Mengia pembeni. Kijiji kilikuja kuwaaga kana kwamba wanakwenda Amerika. "Ukichoka lala tu, tutakuja na ngazi!" Linard alimwambia, na Duri akamjibu kwamba safari hii avae suruali ya kazi.

Yaliyotokea mbele nimeyasikia kwa wote wawili, na hawatofautiani sana. Walikwenda polepole. Duri hakusimama kusikiliza hata mara moja, ingawa anakiri aliwaza kufanya hivyo mara nyingi. Walipita juu ya mawe ya kijani na juu ya mtumbwi uliozama zamani, ambao Mengia alikuwa anaujua na Duri hakuwahi kuuona, kwa sababu siku zote aliangalia nyufa. Karibu nusu ya njia, goti la Mengia lilikaza. Alijaribu hatua nyingine kumi. Akasimama.

"Basi," alisema. "Tumefika hapa, inatosha."

Duri aligeuza kiti.

"Kaa."

"Wewe utashika nini?"

"Nitakushika wewe."

Alikaa. Na kile kiti, ambacho kilikuwa kimemkimbia Duri siku tatu, kilitulia kwa uzito wa mkewe kikaenda kama kilichowekwa relini. Mengia anasema alifumba macho, akasikia visu vya mumewe nyuma yake, vikikata kwa mikupuo mirefu ya sawasawa, na kwamba zile kilomita mbili za mwisho alizipenda kuliko zote alizowahi kwenda kwa miguu yake. Duri anasema tu kwamba Mengia alimwamuru aongeze mwendo.

Walifika kabla ya saa sita. Walikula mkate na nyama kavu kwenye ngazi za kikanisa. Theluji ilianza saa nane, kubwa na ya kimya, na Linard akawafuata kwa gari la posta kupitia barabara ya kando ya ziwa. Kiti hakikuingia kwa sababu ya vifurushi vya Krismasi. Wakakiacha.

Saa kumi Duri alikuja ofisini na viatu vyangu mkononi, amevikausha na kuvipaka mafuta.

"Kumi na saba nimeshaandika," nilimwambia.

Alisoma mstari ule, hakuondoka.

"Andika na kwamba tumefika."

Nikaandika. Ndio mstari pekee katika daftari lile usio na sentimita.

Kesho yake saa moja alikuwa ziwani na viatu vyake vya meno, akitafuta sehemu ambazo theluji ilikuwa imezilemea. Majira yote yale kina Pazeller walibaki na viti vitatu jikoni, na mara nyingi nilipokwenda kwao kunywa kahawa nilikuta vimejaa, nikanywa nimesimama, nikisikiliza Mengia akimweleza kila mgeni jinsi alivyovuka ziwa ameketi.