Gari imewaka kabla ya Amina

Ndugu zangu, leo gari yangu imemuaibisha pasta katikati ya pori, na siombi musamaha.

Tumetoka Kasongo vizuri na abiria, pasta mmoja kati yao, tunaelekea Wamaza. Mara moteri ikazimika.

"Shofere, umetubeba bila mafuta!" Ni mama mmoja muuza samaki, kule nyuma.

Nikashuka, nikafungua kifuniko cha tangi, nikamuonyesha: mafuta iko! Wakati huo pasta ameweka mukono juu ya kapo, pale mbele juu ya moteri, anafukuza shetani. Amina. Nikajaribu, gari ikawaka.

Haleluya nyingi.

Mbele kidogo ikazimika tena. Mama makelele, mimi kifuniko, pasta maombi. Ikawaka.

Mara ya tatu, pasta amefunga macho, ndiyo kwanza anamusalimia Mungu. Nikafungua kifuniko: fyuuu! Tangi ikavuta hewa kama mutu aliyeponea kuzama. Nikawasha.

VRUUM. Kabla ya Amina!

Pasta akafungua jicho moja.

Nikaingia chini ya gari. Kule iko kasanduku ka makaa kanakoshika mvuke wa mafuta, na mupira ambamo tangi inavutia hewa. Nyigu amejenga nyumba ya udongo ndani ya mupira! Tangi ikikosa hewa, mafuta haifiki kwa moteri. Nikachokoa na kawaya, tukafika Wamaza bila kuzimika.

Nikamuonyesha pasta ule udongo. "Shetani wako ni huyu."

Akatengeneza kravati yake polepole. "Na nani alikufungua macho?"

Mpaka sasa natafuta jibu. Mwenye kuwa nalo aniandikie, lakini pasta asione.