Kundi la Kalengera

Volkano ilipolipuka, Wivine wa Murara, mjini Goma, alianza kuandika kwenye blogu majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Watoto walirudi, blogu ikabaki. Kisha vita vikaja. Barabara ya Rutshuru ikafungwa, na mama yake, Nyirarukundo, akabaki upande wa pili, Kalengera, bila simu. Goma ikawa chungu kilichofunikwa.

Watu wakamwandikia wakiulizia ndugu zao. Akawapelekea ujumbe huku na huku, mtoto wake Umurerwa mgongoni, hadi akachoka. Ndipo akabandika kwenye blogu kipande cha programu ili wasomaji wajiandikishe, kila mmoja awe na ukurasa wake, waunde makundi na kuandikiana wenyewe. Kwenye fomu akaweka maswali ambayo kwao mtu huulizwa hata kabla ya kupewa kiti: jina lako nani, mtoto wa nani, wa kijiji gani.

Wiki haikuisha, kundi la Kalengera likawa na watu thelathini. Ijumaa mmoja wao, Cyprien, akamwandikia humo: "Mama Umurerwa, nimeona mama yako. Ni muzima. Dimanche, kesho kutwa, saa ine nitamupandisha kwa kilima, kwenye rezo ya simu inashika. Ungoje hapa hapa."

Wivine akalia, akacheka, akambusu mtoto.

Jumamosi asubuhi jirani yake, Thérèse, akaingia bila hodi.

"Wivine, umetutia kwenye liste!"

"Liste gani?"

"Fungua telefone. Jina langu, la kaka yangu, la papa wetu, la kijiji. Kila mutu anasoma! Jana wenye bunduki walienda kwake kule Kalengera, wakamusomea jina lake. Alikimbia na kandambili moja."

Wivine akajaribu kuficha majina, yakagoma. Akataka kuandika namba yake ya simu kwenye blogu, Cyprien aione. Thérèse akamshika mkono. "Wale wa bunduki ndio watakupigia."

"Basi tuache mpaka kesho saa ine. Nisikie tu sauti yake."

"Na hawa wengine, hawana mama?"

Kipande kile, kikiondolewa, kingeondoka na majina, makundi na ujumbe wote. Wivine akakiondoa.

Jumapili saa nne Thérèse alimkuta ameketi mlangoni, simu mapajani, ameelekea kaskazini, upande wa Kalengera.

"Unaangalia nini?"

"Sasa hivi wamefika kule juu," Wivine akasema. "Mama anamuuliza Cyprien mbona sijibu."