Chungu Kisicho na Nakshi

Juzi nilialikwa semina Morogoro mjini. Mtaalamu mmoja kijana, shati limenyooka kwa pasi, akasimama kutueleza kwamba huko tuendako umeme na mafuta vitakuwa haba, kwa hiyo tujifunze upya kutengeneza vitu kwa mikono, tena vitu vizuri, vyenye sanaa. Upya! Wenzangu wakapiga makofi. Mimi, rafiki yangu, nilitamani kumrushia kiatu.

Nimekulia Kinole, kwa bibi mzaa mama, mfinyanzi. Asubuhi tulishuka kijitoni kuchimba udongo, nikaupandisha mlima kichwani huku tope likinichuruzika shingoni. Jioni uani kulinukia mdalasini uliokuwa unakauka, na moshi wa nyasi za kuchomea vyungu. Na maharage ya chungu kile, wee acha tu! Kila chungu kilikuwa na nakshi shingoni, bibi akiigandamiza kwa gunzi la mahindi kabla udongo haujakauka. Nakshi ile ilikuwa ya ukoo wetu. Yeye alipewa na bibi yake, na mimi, niliyekwisha kujua kufinyanga, ningepewa siku nitakayochoma chungu changu cha kwanza. Niliisubiri siku hiyo kuliko Krismasi. Chungu kisicho na nakshi kwetu kilikuwa na kazi moja tu, kuwekwa juu ya kaburi.

Vikaja vijiji vya ujamaa, wafinyanzi wote wakakusanywa kwenye banda la ushirika. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kuja, akapiga marufuku nakshi. Eti zinapoteza muda.

"Bibi, maua hayaivishi ugali."

"Mwanangu, hicho unachotaka ni chungu cha marehemu. Nani atakitumia kupikia?"

"Hayo mambo ya kizamani!"

Bibi akanawa mikono, akaenda zake nyumbani. Wenzake waliogopa, wakafinyanga vyungu vipara, bila nakshi, mpaka vikajaa banda hadi mlangoni. Hakuna aliyenunua hata kimoja. Mwenyekiti akasema ni hujuma. Baadaye duka la kijiji likaleta sufuria, banda likafungwa.

Bibi hakugusa udongo tena. Nilimlilia anifundishe nakshi hata kwa siri, kule jikoni. "Cha ukoo hakitolewi kwa kujificha kama cha wizi," akasema. Nilimkasirikia na yeye, sikufichi, na hasira hiyo haijaniisha mpaka leo. Alipofariki, mkononi mwa nani tungepata chungu? Tulikwenda bandani, tukafuta vumbi kimoja cha vile vipara, tukamwekea kaburini.

Magunzi yamejaa kila shamba Kinole. Nikilishika moja, sijui nianzie wapi.

Semina ilipokwisha, yule kijana akanifuata. "Shikamoo mama. Nimesikia kwenu ni ukoo wa wafinyanzi. Utakuja kutufundisha?"

"Marahaba. Nitakuja," nikamwambia. "Ila ninachokijua mimi ni chungu cha kaburini tu."

Akacheka, akidhani namtania.