Sajini Alipogonga Kikombe

Wiki jana nilikuwa Burma, lile soko la nyama la Nairobi, kwenye kibanda kimoja, nikisubiri nusu kilo yangu ya mbuzi iive. Mzee wa meza ya pili akagonga kikombe kwa kijiko ili aletewe chai. Aligonga mara mbili tu, kama mtu yeyote mwenye kiu. Mimi nikajikuta nimenyanyuka nusu kitini. Usinicheke, rafiki yangu. Aliyelelewa na askari wa simu hasikii kijiko jinsi wewe unavyokisikia.

Siku hizi watu wanakula nyama pale Burma bila kujiuliza jina lile lilitoka wapi. Mimi nilikulia Kaloleni, mwendo mfupi tu kutoka hapo, katika zile nyumba za mawe zenye paa za vigae. Nililelewa na Babu na Nyanya, na Babu alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa kupigana huko Burma kwenyewe, enzi za Mwingereza. Kupigana ni neno kubwa. Kikosi chao kilikuwa cha simu: walitandaza nyaya msituni, wakapanda miti kuzifunga, na mvua ilipozikata walitambaa na ruba miguuni kuziunga tena. Babu alipenda kusema, "Wenzetu walipiga bunduki, sisi tulipiga simu," kisha anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Lugha yao ilikuwa ya mlio mfupi na mlio mrefu, ile ya ti na ta, kila herufi na milio yake. Babu alinifundisha kwa kijiko na kikombe cha bati. Kugonga ni ti, kukwaruza ni ta. Nilijua kuliandika jina langu kwa kijiko kabla sijaliandika kwa penseli. Asubuhi nikitaka uji sikusema, niligonga U-J-I, na Nyanya anauliza kutoka jikoni kama nimelelewa na watu au na vyombo.

Siku kubwa nyumbani kwetu haikuwa Krismasi. Ilikuwa Siku ya Kikosi, siku ambayo kikosi chao kilizaliwa. Wazee wote waliobaki walikusanyika Kaloleni kuiadhimisha. Maandalizi yalichukua wiki nzima, na kazi nyingi zilikuwa zangu. Nilipika wanga wa unga wa muhogo wa kutia kwenye kaptura za Babu, na ole wako ukiacha madonge. Nilisugua vifungo vya shaba kwa majivu na limau mpaka vidole vikawasha. Kisha inakuja pasi ya makaa. Babu alishika pasi mwenyewe kwa sababu hakumwamini mwanamke na mstari wa kaptura. Mpaka leo nikinusa kitambaa chenye unyevu kikikutana na chuma cha moto, naona miguu yake myembamba ikisubiri kuvishwa.

Siku yenyewe, mke wa Sajini wao alikuja kutoka mtaa wa Majengo na beseni la mahamri, iliki ikinukia kabla hajafika kwenye bomba la maji. Nyanya alikuwa na birika kubwa la chai ya maziwa na tangawizi. Wazee walijipanga kwenye nyasi mbele ya nyumba, na watoto wote wa mtaa tukakaa kwenye ukingo wa mfereji kutazama. Vijana waliopita hawakukosa neno. "Cheki mabuda wa Burma! Buda, si hiyo vita iliisha kitambo?" Babu hakugeuza hata jicho. Aliyegeuka ni Nyanya, na kwa mwiko.

Sajini ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mwislamu, mtu wa Majengo kuzaliwa na kukua, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri na sauti ambayo, wallahi, ilisimamisha mikokoteni barabarani. Medali zake alizibandika juu ya kanzu, maana alisema kaptura ni ya watu wasio na wajukuu. Alikagua vifungo, akamgombeza kila mtu kwa haki, akaita "Mguu sawa!" na mifupa yote ile ikalia kwa pamoja. Na mwisho wa gwaride hakusema "Tawanyika," kama sajini mwingine yeyote. Alisema "Mguu pande," kisha, "Chai!"

Kila mwaka hivyo hivyo. Nilimuuliza Babu sababu.

Akanieleza kwamba siku waliporudi kutoka vitani, kapteni wao Mzungu aliwapanga mstari kambini. Akawaambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Nyinyi ngoja hapa, mimi nakuja." Akaenda, na hakuja. Jioni alifika karani, akamgawia kila mmoja cheti na koti, akawaambia waende kwao. Sajini akawaambia wenzake, "Karani hatoi amri." Tangu siku hiyo walikuwa hawajatawanywa. Walioa, wakazaa, wakafanya kazi za relini na viwandani, wakazeeka, lakini kwa hesabu yao bado walikuwa kwenye mstari, wakimngoja mtu.

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Nyanya alijua si mzaha. Maana Nyanya alikuwa na nyumba yake huko magharibi, kwenye shamba la Babu, nyumba ambayo mjomba alimjengea na ambayo alikuwa amelala ndani yake kwa jumla ya Krismasi nne. Kifua chake kilikuwa kimechoka na vumbi na moshi wa Nairobi. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi aende kwenye hewa safi. Kila alipolianzisha neno hilo, Babu alijibu kwa upole, "Nikitawanywa, mama watoto. Mtu haondoki kwenye mstari."

"Mimi sikuolewa na mwanamume," Nyanya alimwambia mke wa Sajini. "Niliolewa na gwaride." Wakacheka wote wawili, lakini nilimwona Nyanya akifuta macho, na hapakuwa na moshi.

Mwaka ninaokueleza, miaka ya tisini ikiwa imefika katikati, mimi nilikuwa darasa la tano. Wazee niliowakuta wakiwa kumi na mmoja sasa walikuwa wamebaki wanne. Palikuwa na Babu, Sajini, fundi viatu wa mtaani kwetu, na mzee aliyepiga kengele kanisani kwetu. Miezi michache kabla ya Siku ya Kikosi, Sajini alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukavutwa upande, na ile sauti ya kusimamisha mikokoteni ikaondoka yote.

Wiki ya Siku ya Kikosi ilipofika, Nyanya alipanga nguo zake kwenye sanduku la bati. Alimwambia Babu bila kupandisha sauti, "Jumatatu mimi napanda basi. Ukija, njoo. Usipokuja, nitakusalimia watu." Babu alikuwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi mahali pamoja mpaka kaptura ikaungua, na sikuwahi kumwona akiunguza nguo. Siku tatu zilizofuata walizungumza kupitia kwangu. Mwambie babu yako chakula kiko tayari. Mwambie nyanya yako nimeshiba. Nilikuwa nawapenda wote wawili, na usiku niliomba Mungu afufue ulimi wa Sajini, kwa sababu kichwani mwangu mambo yalikuwa rahisi: Sajini akiumwa hivi ataona huruma, atasema "Tawanyika," na sanduku litakuwa la watu wawili.

Sajini aliletwa kwa mkokoteni wa soko la Gikomba uliotandikwa godoro, medali kifuani, wajukuu wakisukuma. Wakamkalisha kwenye kiti chetu chenye mikono. Vijana wa mtaa siku hiyo waliupisha njia. Mmoja alivua kofia. Babu, aliyekuwa koplo, aliita amri kwa niaba yake. Watatu wale wakasimama, vifungo vikang'aa, na Sajini akavikagua kwa macho kimoja kimoja. Kwenye kaptura ya Babu, penye alama ya pasi, macho yake yalisimama kidogo.

Kisha Babu akapiga hatua mbele. "Afande, kikosi kiko tayari. Tunangoja amri."

Hapo ndipo Nyanya alipotoka mlangoni na birika mkononi. Hakumtazama Sajini. Alimtazama Babu.

Sajini alifungua mdomo. Ilitoka pumzi, na mate, na mkewe akayafuta kwa ncha ya leso yake. Akajaribu tena. Ndipo mkono wa kushoto wa Sajini ukatambaa polepole mpaka kwenye sinia lililokuwa kando yake, ukashika kijiko, na kikombe cha bati kikaanza kulia.

Kukwaruza, kugonga, kukwaruza, kugonga. Kugonga mara nne. Kugonga, kukwaruza. Kugonga mara mbili.

Hesabu mwenyewe ukitaka. Tawanyika ina herufi tisa. Sajini aligonga nne. C-H-A-I. Alikuwa amefunga gwaride kama alivyolifunga miaka yote, na hakuwa amemtawanya mtu.

Babu alisimama wima. Kisha akageuka kuwatazama wenzake, akaita kwa sauti iliyopasuka katikati, "Kikosi! Afande amesema: tawanyika!"

Mzee wa kengele akaangalia viatu vyake. Fundi viatu akamwangalia Babu, akamwangalia Nyanya na birika lake, akasafisha koo. "Ndivyo nilivyosikia mimi pia," akasema. Wakageuka kulia, wakapiga saluti, wakavunja mstari, wazee watatu kwenye nyasi wasiojua waelekee wapi.

"Tawanyikeni basi," alisema Nyanya, ambaye hakujua ti wala ta, "lakini mwenzenu anataka chai. Hamwoni anagonga kikombe?" Akapita katikati yao, akammiminia Sajini chai.

Nilimvuta Babu mkono. "Babu, lakini amese..." Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima, kwa macho ya kuniomba. Nikafunga mdomo, na nimeufunga mpaka leo ninapokuandikia wewe.

Sajini alimkazia Babu macho muda mrefu. Niliogopa. Nilijua anajua. Babu akaenda akasimama mbele ya kile kiti, mikono ikining'inia, kama mtoto aliyevunja sahani. Chai ikatoa mvuke. Sajini akachukua kijiko tena na kugonga taratibu kwenye ukingo wa kikombe. Mara tatu. Kugonga, kukwaruza. Kugonga, kukwaruza, kukwaruza. Kugonga, kukwaruza.

S-A-W-A.

Babu akagonganisha visigino, akanyoosha mgongo wote aliokuwa nao, akapiga saluti. Machozi yalikuwa yakishuka mpaka kwenye kola niliyoitia wanga mwenyewe. Akasema, "Ndiyo, Afande." Sajini akainama kidogo, akanyweshwa chai na mkewe, akala nusu ya hamri. Upande wa mdomo uliokuwa bado na uhai ulikuwa kama unacheka, au ndivyo nilivyotaka kuuona.

Jumatatu walipanda basi wote wawili, na mimi nikabaki na mjomba. Sajini hakufika mvua za masika. Babu alisafiri usiku kucha kuja kumzika, akakuta amekwisha kuzikwa kama ilivyo kwa Waislamu, akasimama kaburini peke yake na kaptura isiyopigwa pasi.

Likizo niliwafuata huko magharibi. Nyanya alikuwa amenenepa na kikohozi kimepungua. Siku moja tukichambua maharagwe alinishtua. "Unadhani sikujua? Mtu anayetaka chai nitakosa kumjua, kwa miaka niliyomimina? Lakini mume akikubali kukufuata nyumbani, humuulizi amri ameisoma wapi."

Babu naye nilimuuliza swali moja tu, lile lililoninyima usingizi. Neno ni lile lile, unaona. Sawa ya kukubali, na sawa ya gwaride, ile ya mguu sawa, inayomrudisha mtu kwenye mstari. Sajini alisema ipi? Alikuwa anamruhusu, au alikuwa anamwita arudi?

Babu alikuwa amekaa na kikombe chake mlangoni, akiwatazama kuku wa Nyanya. "Mjukuu wangu," akasema, "sikujua. Kwa hiyo nilizitii zote mbili."

Sasa wote wamekwenda, Nyanya kwanza, Babu akimfuata kabla mwaka haujaisha, safari hii bila kungoja amri ya mtu. Nyasi tulizokuwa tukikaa kando yake zimekuwa maegesho ya magari. Wanga unauzwa kwenye kopo. Mahamri ya mke wa Sajini sijayaonja tena popote, na nimejaribu mengi.

Pale Burma wiki jana, nyama yangu ilipofika, nilichukua kijiko nikakigonga kwenye ukingo wa kikombe, taratibu, herufi nne, nikiacha nafasi kati ya moja na nyingine kama nilivyofundishwa. Sawa. Nikasubiri. Kibanda kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyegeuza kichwa.