Majani ya Waridi na Mbuzi wa Kiangazi

Kiangazi kilipokaza, shamba letu la maua karibu na Kitengela lilibaki kama mahali pekee penye kijani. Nje ya ua wa waya palikuwa na vumbi na mifupa. Ndani, katika nyumba za plastiki, mawaridi yalikunywa maji kwa mirija, tone kwa tone.

Mimi nilikuwa katika kundi la kupiga dawa. Shuleni sikufika mbali, kwa hiyo jioni nilikaa na kamusi nikasoma maandishi madogo ya kwenye chupa. Sikupenda kubeba mgongoni kitu nisichokijua. Mama mmoja wa Kimaasai aliyefanya kazi katika chumba cha kupangia maua alilisikia hilo, akaanza kuniita daktari. Mimi nilimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kama wote walivyomwita, kwa kuwa alikuwa na umri wa mama zetu.

Kazi yake ilikuwa kupukuta majani ya chini ya kila shina kabla ya maua kufungwa. Majani hayo yalirundikana miguuni pake, mabichi, yanang'aa, kisha yakazolewa na kutupwa shimoni. Nyumbani kwake mbuzi wachache waliobaki walikuwa wakitafuna maboksi.

Siku moja wakati wa chakula aliniita mezani kwake, akanionyesha gunia lililojaa majani.

"Daktari, haya ni ya nyumba gani?"

Nilipoangalia rangi ya maua yaliyokuwa mezani kwake, niliitambua nyumba. "Tuliipiga dawa juzi."

"Lakini bendera nyekundu ya dawa imeondolewa mlangoni. Watu wanaingia."

"Wanaingia kukata, Yeyo. Hawaingii kula."

Alicheka. "Wewe una maneno! Sasa niambie, mbuzi akae siku ngapi ndio ale?"

Chupa ilieleza mtu avae nini, asubiri muda gani kabla ya kuingia, na maji ya kuoshea pampu yasimwagwe wapi. Mbuzi hakutajwa. Nilimwambia hivyo.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Ningekuwa mimi, nisingewapa."

"Ungekuwa wewe ungekuwa na kuku," alisema, na wenzake waliokuwa karibu wakaangua kicheko, kwa maana walijua kwetu ni Murang'a, kwa wakulima, si kwa wafugaji.

Alilibeba gunia. Mlinzi wa lango hakujishughulisha na takataka.

Kesho yake nilimfuata mezani kabla sijavaa nguo za kazi. Aliniambia alichofanya. Zamani, mume wake akifika kwenye maji asiyoyajua, alikuwa akimtanguliza beberu mzee. Yeye naye alimfunga beberu wake kando akampa majani peke yake.

"Akafanyaje?"

"Akala, akalala, akaamka. Asubuhi ananiangalia tu nimwongeze."

Nilipumua. "Basi utawapa na wengine."

"Hapana." Aliendelea kupukuta. "Mmoja ana mimba. Wale wengine, wajukuu wangu wanakunywa maziwa yao. Beberu amenijibu mambo ya beberu."

Nimesoma vitu vingi tangu wakati huo, na bado sijaona mtu aliyepima jibu kwa uangalifu zaidi ya huo. Lakini uangalifu haukuwa chakula. Majike aliwatoa waende na shemeji yake upande wa Namanga, ambako ilisemekana manyunyu yameanguka. Beberu alibaki nyumbani akila mawaridi.

Habari zilipokuja, yule mwenye mimba alikuwa ameanguka njiani akafa, mbele kidogo ya Kajiado. Wengine walifika. Yeyo aliniambia hayo huku mikono yake ikiendelea na kazi, shina baada ya shina.

"Pole, Yeyo."

"Alikuwa mzito," alisema. "Njia ilikuwa ndefu kwake."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda majani yasingemdhuru. Nikafikiri pia kwamba huenda yangemdhuru, yeye na aliyekuwa tumboni, na wajukuu baadaye. Sikuwa na hakika ya lolote kati ya hayo, na yeye hakuniuliza. Niliinama nikamsaidia kuzoa rundo la miguuni pake, tukalipeleka shimoni.